Kiti Kisichohamishika

Mimi ni mwashi wa Unguja. Nimechimba misingi, nimepiga lipu, nimetindua na kurudishia kuta zilizovimba kwa unyevu, lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi: kukikita ardhini kitu cha kukalia. Baraza la mawe mbele ya nyumba, kikalio cha zege chini ya mkungu, benchi la mbao katika bustani ya umma, vyote vimepita mikononi mwangu.

Kitu cha kukalia kinachoachwa nje kina maadui wake. Kusi huvuma miezi kwa miezi, chumvi hupanda nchi kavu pamoja nayo, maji ya masika huchimba chini, na mkono wa mtu haulali. Kila zama zilichagua namna yake ya kukishika kiti chini. Ukiutazama uchaguzi huo utaona zama hizo zilimfikiriaje mpita njia: kama mgeni wa kukaribishwa, kama mwizi, au kama mtu asiyekuwapo kabisa. Ndiyo maana naandika habari hii. Historia ya mji wetu imeandikwa sana kwa majumba na kwa watawala, na viti vilivyoko chini ya madirisha ya majumba hayo vimeachwa, ilhali ndivyo vilivyokaliwa na watu wengi zaidi.

Pwani ilianza mapema kujenga viti vya aina hii. Huko Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, nyumba za mawe za karne ya 14 na ya 15 zina vikalio vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba zenyewe. Kilwa kwenyewe, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, kuna ua wenye ngazi pana za mawe ambazo watu waliweza kuzikalia wakitazamana. Gedi, karibu na Malindi ya Kenya, palihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman alipoanza kufukua huko mwaka 1948, magofu ya jumba la mfalme yalitoa nyua za kupokelea watu zenye vikalio vya mawe. Milango ilikuwa imeoza, boriti zimeliwa na mchwa, mikeka haina hata alama. Vikalio vilikuwapo bado. Fundi wa Gedi alikishika kiti chake chini kiasi kwamba kiliishi kuliko mji.

Lamu walilipeleka jambo hili mbali zaidi. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, sehemu iliyofunikwa mbele ya mlango, yenye vikalio vya mawe pande zake. Mgeni ambaye si wa ndani hupokewa hapo, huzungumza hapo, hunywa kahawa yake hapo, na stara ya nyumba haiguswi. Msanifu Usam Ghaidan, aliyezichora na kuzieleza nyumba hizo katika miaka ya 1970, alituachia michoro ambayo hata leo fundi anaweza kuitumia. Ukiitazama unaona kwamba daka halikuongezwa baadaye kwa kujipamba. Nyumba ilipangwa kuanzia pale, toka mahali pa mtu wa nje kwenda mahali pa mtu wa ndani.

Mji Mkongwe wa Unguja, ambao sehemu kubwa ya majengo yake ni ya karne ya 19, ulirithi desturi hiyo kwa sura yake. Hapa baraza limetoka nje kabisa, limelala kando ya ukuta na kuitazama njia. Nataka nieleze linavyojengwa, kwa sababu ustadi wake uko chini, mahali ambapo mpita njia haoni.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, ndugu wa mama. Kabla ya jiwe lolote kuwekwa alichimba. Ardhi ya Mji Mkongwe kwa juu ni mchanga uliochanganyika na vifusi vya miaka mingi: vigae, mifupa ya samaki, chokaa ya nyumba zilizoanguka. Alikuwa akiteremka mpaka mtaimbo ulie, yaani uguse kitu kigumu kinachorudisha sauti. Pakiwa pamelegea sana alishuka dhiraa nzima, akajaza mawe makubwa na kuyashindilia kwa gogo. "Baraza linaanza kukaliwa hapa," alikuwa akiniambia tukiwa ndani ya shimo, "huko juu ni kumalizia tu." Nami nilijibu "Ndiyo, mjomba," bila ya kuelewa, kwa sababu kijana hupenda kazi inayoonekana.

Juu ya mawe hayo hupandishwa mawe ya matumbawe. Yako ya aina mbili. Yale yanayochimbwa nchi kavu ni magumu na yana ncha, ndiyo ya kuta na misingi. Yale yaliyokuwa yakikatwa baharini ni laini yanapotoka majini, yanakatika kwa msumeno, na zamani yaliwekwa mahali panapotaka kuchongwa. Kinachoyashikamanisha ni chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Vigogo hupangwa mduara, matumbawe yaliyovunjwavunjwa hurundikwa juu, moto huwashwa na kuachwa ule mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Kisha hutiwa maji, hufuka mvuke na kutokota, halafu huachwa shimoni kwa wiki nyingi. Mjomba hakuwa akitumia chokaa ya jana. Aliichanganya na mchanga na udongo mwekundu, akaikanda mpaka ikawa haing'ang'anii mwiko wala haimwagiki.

Kuna jambo moja aliloliangalia kuliko yote. Baraza hakulifungamanisha na ukuta wa nyumba. Alilijenga likigusana na ukuta, lakini mawe ya baraza hayakuingia katika mawe ya ukuta. Nyumba nzito hutua kwa namna yake na baraza hutua kwa namna yake. Ukiyafunga pamoja, mojawapo litalipasua jingine. Kwa hiyo baraza halishikwi na nyumba. Linashikwa na uzito wake na shimo lake. Baraza la urefu wa mita 3, upana wa nusu mita na kimo cha sentimita 45 lina ujazo wa thuluthi mbili za mita moja ya ujazo, na kwa mawe ya matumbawe na chokaa hiyo ni tani 1 au zaidi. Hakuna kimbunga kitakacholibeba, hakuna mwizi atakayelitia begani, na hakuna mwenye nyumba atakayeamka na hasira asubuhi akaliingiza ndani.

Mwisho ni uso. Mjomba aliuinamisha kidogo kuelekea njiani, unene wa kidole tu kwa upana wote, ili maji yasilale na yasirudi ukutani. Akaupiga kwa kibao chokaa ikiwa bado mbichi, akarudia siku iliyofuata, kisha akausugua kwa jiwe laini la pwani mpaka ukang'aa. Uso wa namna hiyo hauchani nguo wala haushiki vumbi, na kadiri watu wanavyoukalia ndivyo unavyozidi kulainika.

Pwani hii ilijua pia viti vya kuhamishwa, tena vizuri mno. Kiti cha enzi, cha mbao nyeusi iliyopambwa kwa pembe, kilichosukwa kwa nyuzi, chenye mahali pa kuwekea miguu, kilikaa katika nyumba za wakubwa na kutolewa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Kiti kile kina mwenyewe. Kinatoka kwa amri na kurudi ndani kwa amri, na anayekikalia anajua nani kampa ruhusa. Baraza lina mwenyewe pia, kwa sababu liko mbele ya nyumba ya mtu, lakini likishajengwa mwenye nyumba hana tena namna ya kulirudisha ndani. Desturi ikaujaza uwazi huo. Mpita njia mwenye mzigo hukaa bila ya kupiga hodi. Anatoa salamu, anapunguza sauti, anainuka wenye nyumba wakitaka kutoka, na kona iliyo karibu na mlango humwachia mzee. Muuza kahawa hutua birika lake la shaba na kugonga vikombe. Wacheza bao na dhumna hupata meza. Msiba ukitokea, majamvi hutandikwa hapohapo.

Kwa kuwa kiti hakihami, watu ndio wanaohama. Katika mitaa ya Mji Mkongwe kila baraza lina saa zake. Lililoko upande wenye kivuli cha asubuhi linajaa kabla ya adhuhuri, na baada ya alasiri wazee walewale utawakuta ng'ambo ya njia au kwenye pembe ya pili, jua limewavusha. Muulize mtu wa mtaa "fulani yuko wapi?" atatazama kivuli kwanza, kisha akuelekeze. Masika ikija, na njia kugeuka mifereji, mabaraza huwa njia ya miguu: watu wanapita juu yake, baraza hadi baraza, viatu mkononi. Na chini kabisa linafanya kazi ambayo fundi ndiye anayeithamini: linaukinga mguu wa ukuta na matone yanayoruka kutoka njiani, mahali ambapo nyumba ya chokaa huanza kuugua.

Upande wa bahari mambo yalikwenda vingine. Pale Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, palikuwa mahali pa kushushia mizigo na kutoza ushuru, na kwa muda mrefu hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa kupumzika. Upepo nao ulikuwa umewafundisha watu adabu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na meli bandarini, zikiwemo za Sultani Barghash, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga upya kwa nguvu. Beit al-Ajaib ilipokamilika mwaka 1883 ilisimama juu ya nguzo za chuma, na kwa ufukwe huu kitu kile kilikuwa kigeni. Baadaye tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga ufukwe huohuo kwa muda usiofika saa moja, jumba la Beit al-Hukm na mnara wa taa vikaharibiwa, na mahali pakawa peupe. Kuanzia 1905 ikaja reli ya Bububu, na treni zikawa zikipita hapo jirani na Ngome mpaka katika miaka ya 1920. Bandari mpya ilipojengwa upande wa Malindi ya hapa Unguja mwishoni mwa miaka hiyo, mizigo ikahama.

Bustani ilizaliwa katika nafasi iliyobaki. Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Haroub alitimiza miaka 25 ya kukalia kiti, na kwa kumbukumbu na jina la yubile hiyo ufukwe ukapandwa majani na miti, pakawekwa jukwaa la bendi, na watu wakaanza kwenda Forodhani kupunga upepo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la yubile liliondolewa, lakini watu hawakuacha kwenda.

Bustani ya namna hii, iliyopangwa kwa fikra ya Kiingereza, ina kiti chake: benchi la mbao lenye mgongo, juu ya miguu ya chuma cha kusubu. Ndilo lililoenea katika bustani za umma za Uingereza tangu karne ya 19, na kutoka huko likafuata utawala wao duniani. Ni kiti kizuri, na kinampa mtu mahali pa kuegemea. Ila ni chepesi, na kiti chepesi kilichoachwa nje kinahitaji kufungwa. Waashi wa Ulaya walikuwa na ufundi wa zamani wa kufunga chuma kwenye jiwe: walitoboa tundu lililo pana zaidi chini kuliko juu, wakaingiza mguu wa chuma, wakamimina risasi iliyoyeyushwa, kisha wakaigonga mpaka ikabana. Risasi ni laini, inakubali chuma kitanuke na jua bila ya kupasua jiwe. Baadaye saruji na bolti zikachukua nafasi hiyo kwa sababu ni rahisi.

Kwenye ufukwe wetu urahisi huo ndio ulioleta maradhi. Chuma kikiota kutu huongezeka ukubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa. Bolti iliyozikwa kwenye zege, ikifikiwa na chumvi, huvimba polepole na kuipasua zege toka ndani, na ufa ule huingiza chumvi zaidi. Ukichanganya zege kwa mchanga wa pwani umeshaitia sumu kabla haijakauka. Nimeona vitako vya zege vilivyo na uzito wa kutosha kushika mashua, vimepasuka vipande kwa sababu ya chuma kilicho na unene wa kidole gumba.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishika kwa mikono yangu. Katika bustani moja ya umma, si Forodhani, yaliletwa mabenchi mazuri ya mbao na chuma. Kampuni iliyopewa kazi iliyafunga juu ya matofali ya njia. Kila mguu ulipata bolti fupi isiyozidi kidole, imepita kwenye tofali na kuishia kwenye mchanga ulioko chini yake. Siku ya kukabidhi yalisimama wima na watu wakapiga makofi. Masika ya kwanza mchanga ukasogea, matofali yakaanza kucheza. Vijana walioyakalia na kuyumba nayo walilaumiwa kuwa waharibifu, ingawa mtu yeyote akikaa juu ya kitu kinachoyumba atayumba. Halafu yakaanza kupotea, moja baada ya jingine, usiku. Skrepa inanunuliwa kwa kilo, na mguu wa chuma una kilo za kutosha.

Nilipoitwa kutazama, kilichobaki ni alama za kutu juu ya matofali, nne nne, na katika baadhi ya matundu bolti yenyewe, nati ikiwa ingali juu yake. Hazikukatwa. Zilivutwa tu pamoja na tofali, kwa mkono. Nilikaa chini nikalitoa tofali moja na kuligeuza. Chini yake bolti ilikuwa imening'inia hewani, haikushika chochote. Yule aliyefunga alikuwa amelifunga benchi kwenye tofali, na tofali halikufungwa popote.

Tulianza upya. Tuliondoa matofali, tukachimba mashimo ya sentimita 60, mapana chini kuliko juu, ili zege ikishakauka isiweze kutoka kama ilivyoingia. Tulichanganya saruji moja, mchanga wa nchi kavu mbili, kokoto nne. Ndani tulisimika vyuma vilivyopakwa zinki, vimekunjwa chini kwa pembe ya mraba, kwa sababu chuma kilichonyooka huvutika na kilichokunjwa hugoma. Kichwa cha kila kitako tulikiinua juu ya usawa wa ardhi na kukiinamisha kingo zake, maji yasituame kwenye shingo ya chuma, kwani hapo, kati ya udongo na hewa, ndipo kutu inapokula kwa kasi zaidi. Nati zilipokazwa tulikata ncha zilizobaki na kuziponda kwa nyundo, zisifunguke tena kwa spana. Mabenchi hayo yapo. Vijana wanaokaa juu yake ni walewale waliolaumiwa.

Kisa hiki nakihesabu kuwa sehemu ya historia, kwa sababu kinaonyesha tulipopoteza maarifa. Mjomba wangu asingefunga kitu juu ya tofali. Angepiga mtaimbo kwanza asikilize.

Viti vilivyokitwa chini vilibeba pia siasa za visiwa hivi. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, na likakutana ndani, kwenye viti vya kuhamishwa, likiwa la watu wachache walioteuliwa. Watu wengine wote walijadili mambo yao nje. Katika miaka ambayo Wazanzibari wanaiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 mpaka 1963, mabaraza yaligawika: hili la chama hiki, lile la chama kile, na mtu aliweza kukaa mbali na ndugu yake kwa sababu ya kadi. Ni habari chungu, na haifai kufichwa kwa kusifu umoja wa barazani peke yake. Hata hivyo kiti kilibaki palepale, na waliokosana mwisho walilazimika kupita mbele yake kila siku.

Baada ya Mapinduzi serikali ilijenga Michenzani, majengo marefu ya ghorofa yaliyonyooka kando ya barabara pana, na watu wa Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, wakapewa vyumba vyenye maji na umeme. Ghorofa hazina mabaraza ya kale. Wakaazi wakayajenga wenyewe: kuta fupi za matofali ya saruji chini ya miti, vikalio vya zege kwenye pembe za majengo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vikalio kama hivyo vikawa maskani, yaani vijiwe vya wafuasi wa vyama, na ile ya Kisonge hapo Michenzani, pamoja na ubao wake wa kuandikia, ikajulikana kisiwa kizima. Upande wa Mji Mkongwe, Jaws Corner ikawa nayo mahali pa kahawa, magazeti na mabishano. Mtu anaweza kupenda chama hiki au kile. Mimi naangalia kitu kimoja: pande zote za siasa, zilipotaka kukaa na kusikilizwa, zilitafuta mahali palipokitwa chini.

Saruji iliyowasaidia watu wa Michenzani iliyadhuru mabaraza ya Mji Mkongwe. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilibadilika mikono na nyingi zilikosa matengenezo, na katika miaka ya 1970 na 1980 kadhaa zilianguka. Waliotaka kunusuru walishika kilichokuwapo dukani, yaani mfuko wa saruji. Saruji ikipakwa juu ya matumbawe na chokaa huziba pumzi ya ukuta. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, unaloweka mawe kwa ndani, na baada ya masika chache lipu nzima inabanduka na jiwe lililokuwa gumu linabaki unga. Mabaraza mengi ninayoitwa kuyatengeneza hayakuuawa na umri. Yaliuawa na dawa. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukapitishwa mwaka 1994, na UNESCO ikauingiza mji katika urithi wa dunia mwaka 2000. Kazi hizo zilirudisha heshima ya chokaa, na vijana kadhaa wakajifunza kuitumia. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote.

Forodhani nayo ilitengenezwa upya na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa mwaka 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, njia zikatandikwa, taa zikawekwa, na watu wakapata pa kukaa kwa wingi. Nenda jioni yoyote. Wauza pweza na mishkaki wanakuja na meza zao, wanapanga, wanawasha taa, na usiku wanaondoka nazo. Meza zinahama kila siku na hilo ni sawa, kwa sababu zina wenyewe. Vikalio havihami, na juu yake utawakuta waliokula na wasionunua kitu, watalii na wavuvi, akina mama na watoto wao waliotoka Ng'ambo kwa miguu. Mtu asiye na shilingi mfukoni anatazama bahari ileile kutoka mahali palepale.

Ninaloliogopa sasa liko ndani zaidi, kwenye mitaa. Nyumba zinageuzwa kuwa za wageni wa kulala, na baadhi ya wenye nyumba wanataka baraza libaki kwa ajili ya picha lakini lisikaliwe. Nimeombwa kusimika vyuma vyenye ncha juu ya baraza, na nimeombwa kujenga vyungu vya maua vilivyoshikamana na uso wake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikataa zote mbili na kuwaeleza wenye nyumba kwa nini. Wengine walinielewa, wengine wakatafuta fundi mwingine. Ufundi wa kukita kitu chini ulitumika karne kwa karne kumhakikishia mtu mahali pa kukaa. Kuutumia kumfukuza ni kuugeuza dhidi ya waliouanzisha.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni kwa wanaotoa vibali: nyumba yoyote ya Mji Mkongwe inayotengenezwa, baraza lake lirudishwe kwa mawe na chokaa, likaguliwe msingi wake kabla ya kufunikwa, na lisiwekewe kizuizi. Bustani inapotengenezwa, fedha za kuchimba chini ya viti zihesabiwe pamoja na fedha za viti. La pili ni kwa mafundi wenzangu. Tusikubali kazi ya kukabidhi asubuhi na kubomoka masika. Mwenye mali akisema shimo ni ghali, mwonyeshe tofali lililong'oka na bolti yake.

Na vijana wanaotaka kujifunza kazi hii waje kiangazi, kwa sababu chokaa mbichi haipendi mvua. Tutaanza na mtaimbo.